Kabla hujainua Forester yako

Mtu akishanunua Subaru Forester kuukuu hapa Nairobi na kutaka kuanza safari za nje ya lami, swali la kwanza analoniletea ni la spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya shokapu kuinua bodi: niinue gari inchi ngapi? Nami humrudishia swali langu: taiming belti ilibadilishwa lini? Mara nyingi hajui. Basi tunaanzia hapo, na habari ya kuinua inangoja.

Elewa kwanza umenunua nini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo kila Forester ya kizazi cha kwanza, SF, ya 1997 hadi 2002, na kila SG, kizazi kilichoifuata, unayoiona ikiuzwa leo, imeshakaa kwenye barabara zetu miaka mingi. Imepitia wenye nayo kadhaa na mafundi wengi zaidi ya hao. Kuna bolti zilizorudishwa bila nguvu ya kutosha, kuna waya zilizounganishwa kwa selotepu, kuna kulanti iliyogeuka maji ya mfereji. Gari kama hilo mjini linakusamehe. Ukilifikisha Suswa au njia ya Loiyangalani, halikusamehi tena, na fundi wa karibu yuko mbali.

Kwa hiyo pesa yako iende kwa mpangilio huu: injini na mfumo wa kupoza, kisha beringi, bushi na mashafti, kisha tairi, kisha sampu gadi, yaani bamba la kukinga injini kwa chini. Kuinua kuje mwisho. Najua si mpangilio unaopendeza kwenye picha.

Tuanze na injini. Injini ya Forester hizi, EJ, imelala: silinda mbili zinatazama kulia, mbili kushoto. Gasketi za silinda hedi kwa hiyo ziko pembeni, na zikivuja hazionekani ukifungua boneti, kwa sababu kinachovuja kinashukia chini, juu ya eksozi. Lala chini ya gari na tochi injini ikiwa imepoa. Fuata mstari ambapo hedi inakutana na bloku, ukingo wa chini, pande zote mbili. Ukiona alama ya kulanti iliyokauka, nyeupe au ya kijani, injini hiyo ifunguliwe. Ukiona oili tu, panguza pakauke, endesha siku chache, uangalie tena, maana mpira wa tapeti kava nao huvuja na kuteremka mahali pale pale, na watu wengi wameuziwa kazi ya gasketi kwa kosa la mpira wa bei rahisi.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana nje kabisa. Washa gari, liache lipate moto sawasawa, kisha tazama chupa ya akiba ya kulanti. Mapovu madogo yanayopanda bila kukoma, hata baada ya hewa yote kutolewa kwenye mfumo, yana maana kwamba gesi ya mwako inapenya kwenye maji. EJ25, ile ya lita 2.5, ndiyo inayosumbua zaidi kwa ugonjwa huu. EJ20, ya lita 2, yenye kemshafti moja kila upande, iliyomo kwenye SG nyingi zilizotoka Japani, ni mvumilivu zaidi, lakini ikishachemshwa mara moja vibaya uvumilivu huo umekwisha.

Ikibidi kufungua hedi, toa injini nje. Najua inawezekana kufanyia kazi ndani, na fundi mwenye haraka atakushawishi. Lakini EJ ni nyepesi na hutoka bila taabu nyingi, na ikiwa nje unaona kila kitu. Hedi zipelekwe kusawazishwa kwa mashine, na gasketi ziwe zile za chuma za tabaka kadhaa. Wakati huo huo badilisha oili sili za kemshafti na krankshafti, na ufungue pampu ya oili ukaze skrubu za kifuniko chake cha nyuma kwa gundi ya kushikia nyuzi. Skrubu hizo hulegea zenyewe kwa miaka, presha ya oili inashuka, na mwenye gari hajui lolote mpaka injini ipige noki.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Gari likichemsha, gereji nyingi zinatoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba huku kwetu joto linatosha. Usikubali. Bila thamostati injini haifikii joto lake la kazi, inakunywa petroli zaidi na oili inachafuka upesi. Ubaya zaidi ni kwamba kilicholichemsha gari bado kipo: rejeta iliyoziba, feni moja isiyozunguka, kifuniko cha rejeta kilichochoka, au gasketi yenyewe. Mjini hutaona dalili. Utaiona ukitoka Magadi saa nane mchana, gari limejaa watu, unapanda kurudi Kiserian. Nunua thamostati halisi na uirudishe mahali pake, chini pale kwenye mlango wa pampu ya maji.

Na ukijaza kulanti, jaza polepole. Anza kwa kumimina kwenye bomba la juu linaloingia injini mpaka lijae, ndipo ujaze rejeta, ukiwa umefungua kizibo kidogo cha hewa kilicho juu yake. Washa hita ya ndani hadi mwisho. Hita ikitoa joto halafu ikageuka baridi gari likiwa limesimama, bado kuna hewa ndani, na kazi haijaisha.

Taiming belti ni ya kilomita 100,000. Kama huna karatasi ya kuthibitisha, ihesabu kuwa imekwisha. Kwenye EJ nyingi belti ikikatika vavu zinagonga pistoni, na hapo unanunua injini nyingine. Usibadilishe belti peke yake. Puli zote, tenshena na pampu ya maji viende pamoja nayo, kwa kuwa puli ikikwama inaikata belti mpya sawasawa na ile kuukuu.

Wewe unayejifunza ufundi, shika hili: kwenye meno ya kemshafti na krankshafti utaona mishale na utaona mistari midogo. Belti hupangwa kwa mistari. Ukishaipanga mistari, pistoni zote zinakuwa katikati ya silinda, hakuna vavu inayoweza kuzifikia, unafanya kazi kwa amani. Ukipanga kwa mishale umeanza vibaya. Kwenye injini za kemshafti mbili kila upande, upande wa kushoto unasukumwa na springi za vavu. Ukiachia, kemshafti zinaruka na vavu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Zishike. Ukimaliza, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, usilazimishe kwa spana ndefu, rudi ukague mistari.

Jambo la oili ni fupi ila limeua magari mengi. Otomatiki ya zamani ya gia nne ina nati tatu za kumwagia chini ya mbele ya gari: ya oili ya injini, ya ATF ya giaboksi, na ya difu ya mbele, ambayo ina oili yake na kijiti chake cha kupimia. Fundi asiyeijua Subaru anafungua ya difu akidhani ni ya injini, kisha anajaza injini oili mpya juu ya ile iliyokuwamo. Injini imejaa kupita kiasi, difu ni kavu, na difu kavu haiendi mbali. Simama pale anapofungua.

Sasa magurudumu manne. Nguvu ya Subaru iko hapo, na hapo ndipo wageni wanapoiharibu bila kujua, kwa tairi. Tairi zote nne zinatakiwa ziwe za saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Kiwango cha Subaru ni mzingo usiotofautiana zaidi ya milimita 6 hivi. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili kuukuu nyuma, mfumo unadhani magurudumu yanateleza muda wote, klachi ya ndani ya giaboksi inaungua kidogo kidogo, na kwenye gari la gia za mkono difu ya katikati inapata moto mpaka inajifunga.

Kipimo chake ni rahisi. Nenda kwenye lami kavu, endesha dakika 20 gari lipate moto, kisha kata stelingi hadi mwisho na uliache lijiendee taratibu bila kukanyaga mafuta. Gari lisilo na kasoro linajiendea kama kawaida. Likijivuta kana kwamba umeacha hendibreki, au tairi zinarukaruka, kuna mkazo kati ya mbele na nyuma. Anza kwa kupima tairi, kisha badilisha ATF, ndipo uende kwenye solenoidi, vavu ya umeme inayoiongoza klachi hiyo, na klachi yenyewe. Kwenye otomatiki nyingi za zamani kuna kisanduku cha fyuzi chini ya boneti kilichoandikwa FWD: ukichomeka fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma yanaachiwa. Mkazo usipopotea, tatizo liko upande wa solenoidi au klachi. Na taa ya AT OIL TEMP ikiwaka na kuzima mara 16 unapowasha gari, giaboksi imehifadhi hitilafu na inataka kusomwa kwa mashine.

Ukitaka tairi ya murram na mawe, kwenye SG iliyotoka na 215/60R16 unaweza kupanda hadi 215/65R16 bila kuinua gari. 215/70R16 inataka kuinuliwa kidogo, na bado uikague isiguse kikombe cha springi mbele wala bodi unapokata stelingi. Kwa maoni yangu, tairi nzuri zilizopunguzwa upepo zinakufikisha mbali kuliko inchi 2 za spesa. Mchangani shuka hadi psi 18 au 20, uende taratibu, na uwe na pampu ya kurudisha upepo kabla ya kurudi kwenye mwendo.

Tukifika kwenye kuinua: Forester ina kama milimita 200 kutoka ardhini, na hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kama nyuma imelala, usiweke spesa juu ya shokapu iliyokufa. Baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojirekebisha zenyewe kulingana na mzigo, na zikichoka mkia unashuka. Weka shokapu za kawaida na springi zake, na urefu uliodhani umeupoteza unarudi. Kuinua milimita 25 hadi 40 kwa spesa za juu ya shokapu gari linavumilia, mradi upimishe welimenti, yaani mlingano wa magurudumu, mara moja. Ukipita inchi 2, sivi jointi, viungo vya mashafti ya magurudumu, zinafanya kazi kwa pembe kali na mipira yake inapasuka, magurudumu ya nyuma yanasogea mbele ndani ya matao yake, na unalazimika kushusha pia krosimemba na difu kwa spesa zao. Hiyo ni kazi ya gereji inayoijua Subaru.

Uzito nao unasahaulika. Mwaka 1993 Subaru ilileta kwenye Safari Rally Vivio, kigari cha injini ya cc 660, na Patrick Njiru akakifikisha mwisho na kushinda daraja lake. Wepesi ni mali nje ya lami. Anayeanza hufanya kinyume: keria ya chuma, hema la juu, bampa zito, madebe ya petroli, halafu anashangaa beringi za nyuma zinalia. Chagua sampu gadi ya chuma au alumini nene, iliyofungwa kwenye krosimemba, yenye tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa kupita. Vingine pakia kwa hesabu. Taa sina la kusema. Zile za kiwandani zikiwa safi zinatosha.

Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa, usimame. Hakuna Subaru, iliyoinuliwa au la, inayopenda kupigana nao. Mtoni, shuka upite kwa miguu kwanza. Mdomo wa kuvutia hewa uko mbele chini ya ukingo wa boneti, na maji yakiingia silinda pistoni haiwezi kuyabana, inapinda konrodi. Kwenye mashimo ya mshazari, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia na kuzunguka bure, otomatiki iweke kwenye 1, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku ukikanyaga mafuta polepole, na nguvu itahamia kwenye magurudumu yaliyoshika. Ukikwama kabisa, usifunge kamba kwenye vile vidude vyembamba vya chini ya bodi. Vimewekwa vya kufungia gari melini. Wala usivute kwa tufe la chuma la kuvutia trela: likikatika linaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo.

Mkirudi nyumbani, osha chini ya gari siku hiyo hiyo, matope yasikauke kwenye rejeta na breki. Inua kila gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise, kisha lizungushe ukiwa umeweka mkono kwenye springi: beringi inayoanza kufa utaihisi kwenye vidole kabla hujaisikia. Kama mlivuka maji marefu, fungua nati ya juu ya difu ya nyuma uchovye kidole. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, jaza 75W-90 ya GL-5, na wiki hiyo hiyo refusha bomba la kupumulia la difu lifike juu, ndani ya bodi, kabla ya safari nyingine.