Bordeaux nyeupe ya zawadi, uinywe na nini

Dada, hiyo Bordeaux nyeupe uliyozawadiwa, mvinyo wa Ufaransa, mara nyingi ni mchanganyiko wa zabibu za Sauvignon Blanc na Sémillon, ya kwanza ndo inaleta ule ukali wa limau na harufu ya majani mabichi, Sémillon inaipa uzito mdomoni. Angalia lebo kwanza. Ikiwa imeandikwa Entre-Deux-Mers, eneo mojawapo la Bordeaux, ni kavu, yaani haina utamu, na nyepesi, inywe ingali changa, nyuzi 8 hadi 10 hivi, usiigandishe bana harufu yote inapotea, zungusha glasi, nusa, ndo upige funda dogo. Wenyewe kule wanashushia chaza wabichi wa Arcachon, ghuba ya karibu na Bordeaux, tone la limau basi. Ila ya Pessac-Léognan, eneo jingine la Bordeaux, iliyolala kwenye pipa la mwaloni itawafunika hao chaza, hiyo itafutie samaki wa siagi au kuku wa krimu.