Pombe ya jana, kesi ya leo

SWALI: Wakili, mimi ni dereva wa teksi na ninaishi Kisauni, Mombasa. Jumamosi nilikunywa bia sita, chupa za nusu lita, kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku, kisha nikalala. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi polisi walinisimamisha karibu na Daraja la Nyali, nikapuliza Alcoblow, mashine ya kupima pombe kwenye pumzi, nikaambiwa nimezidi kiwango, ingawa nilijihisi mzima kabisa. Je, mashine ilikosea? Na nitahukumiwa kwa nambari hiyo pekee?

JIBU: Ndugu yangu, nasikitika kukwambia kwamba yawezekana kabisa mashine haikukosea. Kiwango kilichowekwa na Kanuni za Kenya za mwaka 2011 kuhusu vipima-pombe ni mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, ambazo ni sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Bia moja ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na kwa mwanamume wa kilo 70 hupandisha kipimo cha damu kwa miligramu 40 hivi. Bia sita zinakaribia 250. Ini hupunguza kama miligramu 15 kwa saa, kwa hiyo baada ya saa kumi, tangu ulipoanza kunywa hadi uliposimamishwa, bado ungekuwa na takriban 100. Kahawa chungu, madafu na maji baridi ya kuoga humwamsha mtu, lakini havimharakishi ini hata kidogo, na ndiyo maana madereva wengi wa alfajiri hunaswa wakiapa kwamba wako sawa.

Swali lako la pili ndilo zito. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamwadhibu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kanuni kama hizo za 2011 haziwezi kuunda kosa linalopingana na kifungu hicho. Kwa hiyo, jambo la kwanza ni kusoma hati ya mashtaka na kuona umeshtakiwa chini ya kifungu kipi. Ikiwa ni cha 44, upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha hali yako barabarani: gari lilikwendaje, ulisimamaje, ulijibuje ulipoulizwa. Nambari inausaidia ushahidi huo, lakini haichukui nafasi yake.

Kuhusu kukamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukimalizikia siku isiyo ya mahakama, kama Jumapili, utafikishwa siku ya kazi inayofuata, na wengi hawalijui hilo hadi wanapojikuta wamelala kituoni.

Nakusihi usikiri kosa kwa sababu tu umechoka na unataka kurudi kazini. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na leseni yaweza kufungiwa. Vilevile, hukumu hiyo yaweza kukuletea matatizo utakapohitaji cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, ambacho dereva wa abiria hutakiwa kuwa nacho. Omba kwanza kupewa maelezo ya mashahidi pamoja na matokeo ya kipimo, kisha ndipo ujibu mashtaka.