Jinzi imechanika msambani, trakisuti imetoboka magoti: ninunue suruali gani ya kupandia miamba?

SWALI: Habari fundi. Nimeanza kupanda miamba ya nje na suruali zinanishinda. Jinzi ilichanika msambani siku niliyoinua mguu juu sana, nikahamia trakisuti nayo ikatoboka magoti yote mawili. Naona kuna za kupandia zimeandikwa "inavutika". Kitambaa gani ndo chenyewe? Nikichukua saizi kubwa ili nipate nafasi itasaidia? Au nivae tu kaptura?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mimi nashona na kurekebisha nguo za michezo ya nje, na wapandaji miamba ndo wanaoniletea suruali zikiwa hoi kuliko wateja wote, kwa hiyo hizo mbili zako nazijua kama nimezishika. Jinzi imeuliwa na mkato, trakisuti imeuliwa na kitambaa. Ni shida mbili tofauti usizichanganye.

Wengi wanaanza na kitambaa, mi nasema anza na mkato. Suruali ya kawaida mishono minne inakutana sehemu moja tu, pale katikati ya miguu, sasa we ukiinua mguu mpaka usawa wa kiuno kutafuta pa kukanyaga, mvuto wote unaenda kwenye nukta hiyo moja na uzi ukikataa hapo kinachofuata unakijua. Suruali nzuri ya kupandia ina kipande cha ziada hapo katikati, chenye umbo la almasi au kilichorefushwa kushuka na mapaja, ni kazi ileile ya kikwapa kwenye mkono wa shati, kinaitenganisha mishono isikutane halafu kinaupa mguu nafasi ya kwenda juu na pembeni bila kuivuta suruali nzima. Mike Graham, mpandaji wa Yosemite kule Marekani, alipoanzisha Gramicci mwaka 1982 suruali zake zilijulikana kwa hicho kipande pamoja na mkanda wa utepe ulioshonewa hukohuko kiunoni, na mpaka leo makampuni mengi yanafuata njia hiyo.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze kusoma lebo. Igeuze ndani nje uangalie msamba, ukikuta mishono minne imekutana kama njia panda irudishe ilikotoka. Ukikuta kipande kipo, ivae, weka mguu mmoja juu ya kiti au benchi refu halafu sogeza goti nje pembeni, kisha chuchumaa mpaka chini kabisa. Shika kiuno kwa nyuma wakati unafanya hivyo. Kama kiuno kinashuka na kuacha mgongo wazi, au upindo wa chini unapanda mpaka katikati ya ugoko, hiyo suruali inakuvuta na ukutani itakuvuta zaidi. Angalia na magoti, zile nzuri zina vipenseli, yaani mikunjo midogo iliyoshonwa pembeni mwa goti, ili mguu ukikunjwa kitambaa kisikaze. Muuzaji akikushangaa unavyochuchumaa dukani mwache ashangae.

Sasa hilo neno "inavutika". Linasaidia ila halichukui nafasi ya mkato, nimeshapokea suruali zinazovutika vizuri tu zimechanika palepale kwa sababu kipande hakikuwepo. Kwenye lebo tafuta spandeksi, wengine wanaandika elastani, ni kitu kimoja, asilimia 2 mpaka 5 inatosha kabisa kwa suruali ya mwamba. Ikizidi sana kitambaa kinaanza kuwa cha mazoezi ya ndani, laini, na mwamba mkwaruzo utakivuta nyuzi siku ya kwanza. Jipimie mwenyewe, sukuma kitambaa cha goti kwa dole gumba ukihesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki na kifuko hapo ulipobonyeza basi baada ya wiki chache magoti yatakuwa yamening'inia.

Kitambaa chenyewe, kama unapanda kweli na sio kupiga picha, chukua nailoni. Kwa msuguano inashinda polista, na trakisuti yako bila shaka ilikuwa polista nyembamba ya kufumwa kama fulana, ile haikutengenezwa kukutana na mawe. Unataka iliyofumwa bapa kama kitambaa cha shati au begi, uzito gramu 200 mpaka 260 kwa mita ya mraba, ukipanda kwenye joto kali shuka mpaka 150 au 180 ila ujue unakopa kwenye uimara. Jinzi nzito inafika gramu 400 hivi, ndo maana inavumilia mkwaruzo lakini imekubana, na ikilowa jasho au mvua inakaa mbichi siku nzima, kwenye baridi na upepo hilo ni jambo la hatari. Pamba nene iliyochanganywa na spandeksi sio mbaya mahali pakavu, mi mwenyewe naipenda kwa sababu haipigi kelele na moto wa kambi ukirusha cheche haiyeyuki, nailoni cheche moja tu tayari ina tundu.

Pia inategemea mwamba na unapandaje. Graniti na mawe ya mchanga vinasaga kitambaa kama msasa, na ukiingia kwenye nyufa pana unaposukuma kwa magoti, mgongo na makalio, tafuta yenye goti la tabaka mbili. Ukiwa unapanda kuta zilizo wima kwenye mawe ya chokaa kwa ncha za vidole, magoti hayagusi mara kwa mara na suruali nyepesi inakutosha.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni mkanda wa usalama, ule unaofungwa kamba ya kupandia. Unakaa juu ya nyonga na unabana, kwa hiyo chochote kinene chini yake utakisikia ukining'inia, bizimu kubwa la mkanda wa suruali, vile vifungo vya chuma kama vya jinzi, fundo la kamba ya kiunoni. Kiuno kiwe bapa. Mifuko mikubwa ya pembeni ya paja inagombana na vile vitanzi vya mkanda wa usalama vinavyozunguka mapaja, mfuko mmoja wenye zipu unatosha. Chini mguu uwe mwembamba au uwe na kamba ya kukazia, kwa sababu ukiangalia chini unatakiwa uone kiatu chako kimekanyaga wapi sio uone pindo.

Saizi kubwa hapana. Msamba unashuka chini na ukishashuka mguu hauinuki hata kama mwanzo, yaani umelipa ili ubanwe, halafu kitambaa cha ziada kinajikunja chini ya mkanda wa usalama. Chukua saizi yako yenye mkato sahihi.

Kaptura ivae kama njia ni fupi na safi na jua ni kali, ila iwe ndefu kupita vile vitanzi vya mapajani la sivyo vitakusugua ngozi ya paja, na kwenye nyufa usithubutu. Kuna wapandaji wanaopenda kaptura kwa sababu wanavaa vile vilinda-goti vya mpira vinavyong'ang'ania ngozi, ukifika huko utajua mwenyewe.

Halafu ile trakisuti usiitupe, magoti yanatiwa viraka. Na jinzi ukitaka niitilie kipande cha msamba inawezekana, lete na suruali nyingine iliyochoka ya kitambaa kama hicho nikate humo.