Hayakuwa mazishi: barua kwa mwanangu mpiga gitaa

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusikiliza wote. Unasema bendi yenu inajiandaa kufanya onyesho la gitaa kavu, lisilo na umeme, kwamba wenzako wamekesha wakitazama lile onyesho la New York la Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, na sasa wanataka jukwaa lenu lijae mishumaa na maua meupe kama lile. Unaniuliza mambo mawili. Je, ni kweli Kurt Cobain, mwimbaji wao, alikuwa anajiimbia mazishi yake pale? Na kwa nini bendi yenye wimbo uliojulikana dunia nzima iliacha kuupiga, ikapiga kopi za nyimbo za watu?

Nakujibu kwa kirefu, baba, kwa sababu rekodi ya onyesho hilo, MTV Unplugged in New York, naipenda kuliko rekodi zote za roki nilizowahi kuzisikia, na inaniuma inavyozungumzwa.

Hayakuwa mazishi. Ilikuwa kazi. Waliirekodi tarehe 18 Novemba 1993, katika studio za Sony, kwa ajili ya kile kipindi cha MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ambacho bendi za umeme zilikuwa zinaalikwa kupiga kavu. Albamu yao ya In Utero ilikuwa na miezi miwili tu tangu itoke, na wao walikuwa katikati ya ziara ya Marekani. Mwezi uliofuata walipiga tena mbele ya kamera za MTV, huko kwao Seattle, safari hiyo na umeme wote na kelele zote. Mwishoni mwa Januari 1994 waliingia studio wakarekodi wimbo mpya. Februari wakavuka kwenda Ulaya. Ukiipanga kalenda hiyo mbele yako utaona watu wenye ratiba, wenye mipango, wanaokwenda kazini.

Kinachowapotosha wasikilizaji ni tarehe ya albamu yenyewe. Kipindi kilionyeshwa Desemba 1993, mwimbaji akiwa hai. Cobain akafa nyumbani kwake tarehe 5 Aprili 1994, ana miaka 27, kwa mkono wake mwenyewe. Albamu ikatoka tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Mpango wa awali ulikuwa kutoa albamu mbili za maonyesho kwa pamoja, lakini wenzake wa bendi, Krist Novoselic wa besi na Dave Grohl wa dramu, walipokaa kuzipitia zile kanda walishindwa, jeraha lilikuwa bado bichi, ikabidi itoke hii peke yake. Kwa hiyo karibu kila aliyeinunua aliifungua akiwa tayari na taarifa ya msiba masikioni. Hata kaseti iliyonifikia mimi, wakati naimba kwenye bendi ya hoteli, aliyenipa alinisimulia kwanza kifo, ndipo akanikabidhi.

Maua sikufichi. Ni kweli Cobain aliagiza mayungiyungi, mishumaa, na taa kubwa ya vioo ya kuning'inia. Mtayarishaji wa kipindi, Alex Coletti, alipomuuliza kama anataka paonekane kama msibani, akajibu ndiyo. Hapo ndipo wenzako wanapokomea. Lakini geuza jalada la In Utero, albamu iliyotangulia, utazame upande wa nyuma: mayungiyungi yaleyale yapo, yamelazwa pamoja na vinyago vya vichanga vya tumboni, na ni yeye mwenyewe aliyepanga picha ile. Ndivyo macho yake yalivyokuwa yanapenda, uzuri na uozo kwenye sahani moja. Hayo ni mapenzi ya msanii, tena ya muda mrefu. Si wosia.

Hali yake usiku ule haikuwa nzuri. Alikuwa ameteswa na tumbo kwa miaka mingi, na heroini ilikuwa imemshika. Ukisikiliza kwa makini utasikia mtu aliyechoka. Ila nakuomba, na hili nakuomba kama mama, usikae na watu wanaokigeuza kifo chake kuwa sehemu ya wimbo. Alimwacha mtoto wa kike ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ule ulikuwa unatibika. Kama kuna mwenzenu yeyote kwenye bendi anayezungumza habari za namna hii kwa kutamani, niambie, au kaa naye wewe mwenyewe mzungumze, na asilale peke yake usiku huo. Nimemaliza, turudi kwenye muziki.

Swali lako la pili ndilo lenye utamu.

Kwenye albamu kuna nyimbo 14, na 6 kati ya hizo si zao. Smells Like Teen Spirit, ule wimbo wao uliojulikana dunia nzima, haimo. Watu wa televisheni walitamani nyimbo kubwa zaidi na wageni wenye majina. Cobain akawaletea Cris na Curt Kirkwood wa Meat Puppets, bendi ya Arizona ambayo watazamaji wengi hawakuwahi kuisikia. Akapiga nao nyimbo 3 zao mfululizo. Katika nyimbo hizo aliweka gitaa chini, akakaa tu na maikrofoni, akawaachia wenyewe wapige.

Mimi nimepiga kopi miaka yangu yote ya hotelini, najua kopi ni nini. Sisi tulipiga kwa sababu mgeni aliyekaa pale na glasi yake anataka kusikia anachokijua. Cobain alifanya kinyume kabisa. Watu walikuja na wanachokijua, yeye akawapa wasichokijua, na kila mara akawaambia mwenye wimbo ni nani. Alipomaliza ule wa mwimbaji wa Uingereza David Bowie, wa mwaka 1970, alitaja jina la Bowie pale pale. Alikuwa na nafasi ambayo wanamuziki wengi wanaiota, na zaidi ya theluthi moja ya nafasi hiyo akawagawia waliomfundisha. Huwezi kunishawishi kwamba hayo ni matendo ya mtu anayejililia.

Sasa sikiliza sauti yake katika Lake of Fire, mmoja wa zile 3 za Meat Puppets. Wimbo umewekwa juu mno kwa koo lake. Mwimbaji yeyote wa hoteli angemwambia mpiga solo ashushe ufunguo, yaani wimbo uanzie chini zaidi, na mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye anaupanda hivyohivyo. Sauti inapasuka, inarudi, inapasuka tena, na hakuna anayejaribu kuifunika. Angerekodi studio, kipande kile kingerudiwa mpaka kinyooke. Hapa kimebaki, na ndicho ninachokirudia mara kwa mara.

Ndiyo raha ya rekodi ya namna hii. Walipiga onyesho zima mara moja, hakuna wimbo uliorudiwa. Wewe hukuwahi kuona, lakini bendi zetu zilipokuwa zinarekodi Redio Tanzania ilikuwa hivyohivyo: wote chumba kimoja, mmoja akikosea mnaanza upya au mnaishi nalo. Hapo mtu analazimika kumsikiliza mwenzake. Msikilize Grohl. Huyu ni mpiga dramu ambaye mikono yake ilizoea kupasua ukumbi, na hofu kubwa ya kipindi ilikuwa yeye, kwamba angewafunika wote. Coletti akamletea brashi za kupigia dramu na fimbo nyepesi kama zawadi ya mapema ya Krismasi. Katika wimbo wa Polly humsikii kabisa akijitutumua; anagusa tu. Nadhani ni usiku mgumu zaidi wa kazi yake ya dramu, na wanaomsifu kwa nguvu zake mara nyingi husahau huu. Novoselic aliacha besi akashika akodioni kwenye wimbo mmoja, Pat Smear akajazia gitaa la pili, na Lori Goldston akaketi nyuma na selo, ile fidla kubwa. Selo ile kwenye Dumb inapita chini ya sauti ya Cobain bila kumsukuma hata kidogo.

Jambo la kiufundi ambalo litawafaa: gitaa lake halikuwa kavu kweli. Lilikuwa Martin la mwaka 1959 lenye pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, likapitishwa kwenye vifaa vyake vya kukwaruza sauti na kuingia kwenye amplifaya. Coletti alitengeneza kasha la kuificha ile amplifaya ili watazamaji wadhani ni spika ya kawaida ya jukwaani. Sikiliza wimbo wa Bowie, pale solo inapoanza, utalisikia likikwaruza. Kwa hiyo msiogope kuchomeka waya, wala asiwaambie mtu kwamba mmedanganya. (Gitaa lenyewe liliuzwa kwa mnada Juni 2020, zaidi ya dola milioni 6. Lako la mkopo linatosha.)

Kuna pahala kabla ya Pennyroyal Tea ambapo Cobain anauliza kama aupige peke yake au vipi. Wenzake wanamwachia. Anaupiga peke yake, polepole, na katikati unamsikia kama anautafuta mkono wake kwenye nyuzi, halafu anaupata. Nimeshasimama jukwaani wapigaji wakanigeukia kwa macho ya kuuliza; najua sekunde ile ilivyo ndefu.

Halafu ule wa mwisho, Where Did You Sleep Last Night. Aliutambulisha kwa kumtaja Lead Belly, na kusimulia kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka kumuuzia gitaa la mzee huyo kwa dola 500,000. Lead Belly, jina lake hasa Huddie Ledbetter, alikuwa mtu mweusi wa Louisiana aliyepiga gitaa la nyuzi 12. Wakusanyaji wa nyimbo walimrekodi akiwa gerezani mwaka 1933, na alifariki 1949. Wimbo wenyewe ni wa zamani kuliko yeye, ni wa watu wa milima ya Appalachia, unamhoji mwanamke usiku amelala wapi. Na hapa ndipo hoja ya mazishi inapokosa mguu wa kusimamia. Cobain na Novoselic walikuwa wameshaupiga wimbo huo kwenye albamu ya mwimbaji Mark Lanegan iliyotoka 1990. Hakuuokota kwa ajili ya kuaga. Alikuwa ameuishi kwa miaka.

Ubeti wa mwisho anaupandisha juu, anaupiga kwa ukali wote uliobaki kifuani. Kabla ya kumalizia maneno ya mwisho anakatisha, anavuta pumzi, anafumbua macho, ndipo anamalizia. Watu wanaandika mengi juu ya yale macho. Mimi naona pumzi. Ametumia hewa yote kwenye neno lililotangulia na anahitaji nyingine ili afike mwisho. Ni mwimbaji anayejua anachofanya, hata akiwa amechoka kiasi kile. Walipomwomba aongeze wimbo alikataa, akasema hawezi kuupita huo.

Kwa hiyo, mambo yenu. Maua wekeni kama mnayapenda kweli, lakini msiweke kwa sababu ya kifo cha mtu, na mishumaa iacheni. Ukumbi mliokodi una mapazia. Mpiga dramu wenu anunue brashi wiki hii, asingoje siku ya onyesho. Nyimbo zenu maarufu punguzeni, na katikati wekeni kopi ya mtu aliyewafundisha bila ninyi kujua. Mimi ningemchagua Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Masanga yake ilirekodiwa 1952, gitaa kavu moja na sauti moja, kwa Kiswahili chao cha Kongo. Vidole vyake vitakutesa, anza leo. Semeni jina lake kabla ya kupiga na mlitaje tena mkimaliza.

Ule wa Lead Belly mkiupiga, uwe wa mwisho, na ushushe ufunguo mpaka ulingane na koo la mwimbaji wenu. Mkishaumaliza msirudi jukwaani.

Nitumie rekodi ya mazoezi, hata ya simu. Msalimie mkweo, mwambie dagaa alizoagiza zimepatikana.

Mama yako.