Chagua ekzosi ya pikapu kwa kazi ya gari, si kwa mlio

Kijana anapokuja kwangu kujifunza kazi ya ekzosi, simpi spana siku ya kwanza. Namwambia alale chali chini ya pikapu, afuate bomba kwa kidole kuanzia kwenye manifoldi, yaani kile kipande kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hadi mdomo wa nyuma, na anitajie kila kilicho karibu nalo. Hutaja gia boksi, propela, tenki la mafuta, paipu za breki, nyaya, difu, springi, tairi la spea. Akifika mwisho huwa ameshaona mwenyewe kwamba bomba lile limepenyezwa kwenye njia nyembamba, katikati ya vitu visivyotaka joto, na kwamba anayelibadilisha hana uhuru aliodhani anao.

Mimi nilijifunza kwa njia ndefu zaidi. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa ya petroli, silinda nne. Nilichagua sailensa gari likiwa limesimama, mwenzangu akikanyaga aksileta, nami nimesimama nyuma nikisikiliza. Mlio ulinipendeza. Safari ya kwanza ndefu, nikiwa kwenye mwendo wangu wa kawaida, injini ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika, kabini ilijaa mvumo mzito usiokatika. Saa ya pili kichwa kilikuwa kinauma, na mwenzangu wa pembeni tulikuwa tumeshaacha kuzungumza. Nikiongeza mwendo kidogo unapungua, nikirudi pale pale unarudi nao.

Sababu yake inahesabika. Kwenye injini ya mipigo minne, kila silinda huchoma mara moja katika mizunguko miwili. Silinda nne kwa mizunguko 2,000 ni milipuko 4,000 kwa dakika, yaani kama 67 kwa sekunde. Silinda sita ni 100, nane ni kama 133. Sauti nzito za namna hii hazizuiliki kwa zulia wala kwa mpira wa mlango, na kabini, kwa kuwa ni sanduku lililofungwa, huzikuza. Dawa ipo: resoneta, yaani chumba kinachoua sauti fulani, au bomba la tawi lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi la sauti unayotaka kuiua. Lakini ni nafuu kutouleta mvumo kuliko kuufukuza. Kabla ya kununua, tafuta gari lenye injini kama yako na ekzosi unayoitaka, uendeshwe ndani yake kwa mwendo wako wa safari, vioo vimefungwa. Likipanda mlima na mzigo, ni bora zaidi.

Jambo jingine kuhusu sailensa ambalo wauzaji hulipita haraka: ile ya kunyooka, yenye bomba la matundu lililozungushiwa sufi ya kioo, hubadilika na umri. Sufi huungua na kupeperushwa kidogo kidogo, na mlio huongezeka mwaka hadi mwaka. Ya vyumba, ambayo moshi hupitishwa kwenye vyumba vilivyogawanywa kwa kuta, haina sufi, kwa hiyo mlio unaousikia leo ndio utakaobaki nao, ingawa huwa inabana gesi zaidi.

Sasa unene wa bomba. Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa sababu wamesikia mambo mawili yanayopingana: kwamba bomba nene huleta nguvu, na kwamba injini inahitaji presha ya kurudi nyuma. Yote mawili yana kasoro. Injini haihitaji presha ya kuirudisha nyuma hata chembe. Inahitaji gesi itoke kwa kasi. Kila pumzi ya moshi inayokimbia kwenye bomba huacha nyuma yake presha ndogo, na presha hiyo ndogo husaidia kuvuta pumzi inayofuata. Ukinenepesha bomba kupita kiasi, gesi hupunguza mwendo na kupoa, na ule msaada hupotea, hasa chini kwenye mizunguko midogo, pale pale pikapu inapong'oa mzigo. Kutoka inchi 2.5 hadi inchi 3 huonekana tofauti ndogo ya nusu inchi, lakini nafasi ya ndani huongezeka kwa kama asilimia 44. Kwa injini ndogo ya petroli isiyo na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, huo ni uamuzi wa kufikiria mara mbili.

Dizeli yenye tabo ni habari nyingine. Tabo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya upande wake wa kuingilia moshi na wa kutokea, kwa hiyo baada ya tabo, kadiri njia inavyokuwa wazi ndivyo inavyofanya kazi kwa wepesi. Hata hivyo usitarajie makubwa kutokana na kubadilisha kipande cha nyuma peke yake. Manifoldi na masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi, vimebaki vilevile, na mara nyingi ndivyo vinavyobana. Angalia pia kona: bomba la inchi 3 lililokunjwa kwa kubanwa hadi likajikunyata si bomba la inchi 3. Omba bomba lililokunjwa likiwa na kiini ndani, yaani fimbo inayolizuia lisibonyee, ili unene ubaki ule ule hadi mwisho.

Kuhusu chuma, nenda na sumaku. Chuma cha pua cha daraja la 304, chenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, kwa kawaida hakishiki sumaku, au hushika kidogo sana kwenye kona zilizokunjwa. Daraja la 409 hushika; huota kutu ya juujuu lakini hudumu. Chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu nacho hushika, na hukaa vizuri mpaka uchomelee: pale moto wa kuchomelea ulipounguza ile ngozi, kutu huanza. Kama gari lako ni la safari fupi fupi, usibanie hapa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Bomba lisilopata muda wa kukauka huoza kutoka ndani, na utaliona likiwa limeshatoboka.

Pikapu ya jina moja huuzwa ikiwa na kabini fupi au ndefu, bodi fupi au refu, na ekzosi ya moja haiingii kwenye nyingine. Toa vipimo vya gari, usitoe jina tu. Bomba linalopita juu ya ekseli lazima lipimwe gari likiwa na mzigo, kwa sababu springi zikishuka ekseli hupanda, na nafasi uliyoiona gari tupu haipo tena. Acha pia nafasi ya kutanuka: mita 3 za chuma cha 304, joto likipanda nyuzi 300, hurefuka kama milimita 15. Ndiyo maana hanga ni za mpira.

Mdomo wa bomba uishie nje kabisa ya kabini na bodi. Hili silifanyii mzaha wala sipokei maelekezo ya mteja kinyume chake. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na moshi unaoachiwa chini ya bodi hupanda kupitia matundu usiyoyajua. Gari lenye kava nyuma huvuta hewa ya nyuma ndani. Hapo mdomo utoke pembeni, nyuma ya tairi.

Masega usiyaondoe. Ndani yake mna platini, paladiamu na rodiamu zinazosafisha moshi kabla haujafika puani mwa watu, na kuyatoa ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Marekani sheria ya hewa safi inakataza, na California huweka kikomo cha mlio cha desibeli 95 kwa magari madogo. Ulaya sailensa ya kubadilishia hutakiwa iwe na alama ya kuidhinishwa. Soma kanuni za unakoendeshea kabla ya kulipa.

Siku ya kufunga, ondoa kwanza waya wa betri kama kuna kuchomelea. Paka maji ya sabuni kwenye mipira, zitaingia bila kupigana. Tundika vipande vyote vikiwa vimelegea, sogeza mpaka kila kitu kikae mbali na tenki na paipu za breki, kisha kaza ukianzia mbele kwenda nyuma. Mimi napendelea kleme pana za ukanda, maana zile za umbo la U huponda bomba na siku ya kufungua ni vita. Washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, usikilize kila kiungo. Kiungo kinachovuja kabla ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, kiangalie mara mbili, kwa sababu hupenyeza hewa ndani, sensa ikadhani mafuta ni machache na kompyuta ikayaongeza bure. Endesha siku mbili tatu, bomba lipate moto na kupoa, halafu rudi chini ya gari na spana ile ile, ukaze tena.