Kabla hujapanda nyanya uwani, soma yaliyonikuta mimi

Nilichoka kumtuma mtoto gengeni kila jioni kununua mchicha, nikasema si uwani nina nafasi jamani, ngoja nianze bustani. Naishi Mbagala, mchanga wetu huku unaujua, unamwaga maji sasa hivi ukigeuka tu pakavu. Basi nikachukua viroba sita vilivyoisha unga, nikajaza mchanga, nikachanganya na mbolea ya kuku ambayo ndo kwanza imetoka bandani, inanuka hadi kwa jirani, nikijua hiyo ndo nguvu yenyewe. Nikahamishia miche ya chainizi, wiki haijaisha majani yamekauka kuanzia pembeni kama yamepitishwa motoni. Mama anayeniuzia mboga alicheka sana, "mwanangu, hiyo mbichi inaunguza, ilaze kwanza." Siku hizi nailaza miezi miwili mitatu huku naigeuza, ikishakuwa nyeusi, haina joto wala harufu, ndo naweka debe moja kwa madebe mawili ya udongo.

Nikaja na nyanya. Kitalu kiliota vizuri mno, nami kwa mapenzi nikawa namwagilia asubuhi, mchana na jioni, siku naamka nakuta miche imelala chini, shina limenywea pale pale linapogusa udongo. Hiyo inaitwa kinyausi, ni fangasi, wanapenda udongo uliolowa muda wote na miche iliyobanana. Mche ukishaanguka hauamki, usije ukapigwa hela dukani ukitafuta dawa, ng'oa tu. Sia kwa nafasi, toboa kiroba chini maji yatoke, na kabla ya kumwagilia chomeka kidole, ukikuta unyevu acha.

Vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, navyo vitakuja tu, ukiona jani limejikunja ligeuze utavikuta kwa chini. Mimi natumia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, napulizia jioni jua likishapoa, narudia baada ya siku nne. Kuku wa jirani hao dawa yao wavu, maneno nimeshaongea nimechoka.

Kama ndo unaanza, anza na matembele, omba vipande vya shina kwa mtu, chomeka vifundo viwili vizame udongoni, basi. Na mchicha, wiki tatu hadi nne unachuma. Nyanya mimi nimezirudia mwezi huu, miche minne tu, mmoja jana nimeukuta na ua.