Maswali na Majibu: Bunduki Kongwe za Kijerumani za Mitutu Miwili

Majibu yafuatayo ni kwa wasomaji wanaomiliki bunduki hizi kwa leseni. Aliyerithi bunduki ambayo bado haijaandikishwa kwa jina lake aanze kwa polisi kabla ya kumwona fundi. Na kila ninapoandika hapa chini kwamba bunduki ifunguliwe, sharti la kwanza ni kuhakikisha kwa macho kwamba chemba zote mbili, yaani mahali pa kutilia risasi, ni tupu.

Bunduki aliyotuachia babu ina jina la mtu lililochongwa juu ya mitutu, pamoja na neno Berlin. Jina hilo silioni katika orodha yoyote ya watengenezaji. Je, ni bandia? (Msomaji, Arusha)

Hapana, si lazima iwe bandia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa ya bunduki za kuwindia za Ujerumani zilitoka Suhl na Zella-Mehlis, miji ya eneo la Thuringia ambako kazi iligawanywa baina ya mafundi: mmoja alitengeneza mitutu, mwingine mitambo ya kufyatulia, wa tatu akachonga kitako na wa nne akatia nakshi. Mwenye duka wa Berlin au Hamburg aliagiza bunduki iliyokwisha kukamilika, akachongewa jina lake kwenye upapi unaounganisha mitutu, na hivyo jina la juu mara nyingi ni la muuzaji.

Itoe mitutu na uigeuze. Kwenye ubapa wa chini, karibu na chemba, utakuta mihuri ya serikali, mara nyingi herufi za kwanza za jina la fundi wa mitutu, na pengine alama ya kiwanda. J.P. Sauer & Sohn, kampuni iliyoanzishwa Suhl mwaka 1751, ilitumia alama ya mtu wa porini aliyeshika rungu. Ukikuta jina la Simson, huenda bunduki yako ni ya kabla ya familia hiyo ya Kiyahudi kunyang'anywa kiwanda chake na utawala wa Wanazi katikati ya miaka ya 1930, ingawa jina hilo lilitumika tena baada ya vita. Usidanganywe, hata hivyo, na komeo la duara linalopita katika ulimi wa upapi nyuma ya mitutu. Ni ubunifu wa Greener, fundi wa bunduki wa Birmingham, Uingereza, lakini Wajerumani waliupenda kiasi kwamba unapatikana katika bunduki zao za kila daraja.

Nyumbani husemwa kwamba bunduki yetu iliachwa na ofisa wa serikali ya Wajerumani. Chini ya mitutu kuna mataji yenye herufi B, U, S na W, duara lenye namba 16, na tarakimu 1127. Zina maana gani? (Msomaji, Moshi)

Mataji hayo yanatokana na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika Aprili 1893, ambayo iliamuru kila bunduki ijaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. B ni muhuri wa jaribio lenyewe, U ni ukaguzi uliofuata, S inaonyesha mtutu wa marisau usio na mifuo ndani, na W inaonyesha kwamba mdomo wa mtutu umebanwa ili marisau yasitawanyike upesi. Namba iliyo ndani ya duara ni kipimo cha chemba. Kuanzia Aprili 1940 mataji yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa tai.

Tarakimu 1127 ni mwezi na mwaka wa jaribio: Novemba 1927. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo bunduki hii haikuweza kuwa mali ya ofisa wa utawala uliokwisha kuondoka. Labda ililetwa na mlowezi au mfanyabiashara wa baadaye. Tafuta pia namba yenye herufi kg. Ni uzito wa mitutu ilipojaribiwa. Ipime kwenye mizani nyeti, na ikiwa imepungua sana, basi kuna fundi aliyeikwangua au kuikata, nawe unapaswa kulijua hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Mitutu yangu ina mawimbi kama ya mbao. Naweza kuitumia? (Msomaji, Nakuru)

Hiyo ni mitutu ya Damascus, iliyofuliwa kwa kusokota pamoja vipande vya chuma laini na chuma kigumu (feleji). Mingi iliundwa kwa baruti nyeusi. Bila muhuri wa N au neno Nitro, yaani kwamba ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na bila kupimwa unene wa kuta na mtaalamu, ihifadhi kama kumbukumbu.

Risasi za kisasa za milimita 70 zinaingia vizuri katika bunduki yangu ya mwaka 1930. Si ushahidi kwamba zinafaa? (Msomaji, Iringa)

Si ushahidi, na hili nalisisitiza kwa sababu linaweza kumdhuru mtu. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa na kufunguka mdomo. Likiwa bado limekunjwa ni fupi zaidi, na ndiyo maana linaingia bila kipingamizi. Chemba nyingi za Kijerumani za wakati huo ni za milimita 65. Ganda la 70 likifunguka humo, mdomo wake huziba njia inayoanza kuwa nyembamba, na shinikizo hupanda. Chemba ipimwe kwanza, kisha zitafutwe risasi za urefu unaostahili na nguvu ya wastani.

Fundi amependekeza kuichovya mitutu katika dawa ya moto ili irudishiwe weusi wake. Nikubali? (Msomaji, Mombasa)

Usikubali. Dawa hiyo ya chumvi kali inayochemshwa inafaa kwa bunduki ya mtutu mmoja, lakini mitutu miwili na papi zake kwa kawaida huunganishwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi, nayo dawa huila lehemu hiyo. Njia iliyotumika tangu zamani ni ya polepole: mtutu hupakwa dawa ya kutia kutu, huachwa ushike kutu nyembamba, huchemshwa katika maji safi, kisha husuguliwa kwa brashi laini, na kazi hurudiwa hadi weusi ukolee. Kabla ya hapo, ning'iniza mitutu kwa uzi na uigonge kidogo kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu huenda ni nzima. Mlio ukiwa mfu, papi zimeachia mahali fulani na zishughulikiwe kwanza. Na usimruhusu mtu yeyote apige msasa juu ya mihuri au nakshi, kwa maana ikifutika hakuna fundi atakayeweza kukurudishia ushahidi huo.

Kitako kimekuwa cheusi kwa mafuta. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Mti wa mjozi hunywa mafuta ya bunduki kwa miaka mingi, hasa pale unapokutana na chuma. Ng'oa vyuma kwa bisibisi inayojaa kabisa katika mfuo wa skrubu, kisha paka mchanganyiko wa asetoni na unga wa chaki na uuache ukauke. Unga utavuta mafuta, nawe rudia mpaka utoke mweupe. Vibonyeo huinuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto. Malizia kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba sana kila mara, yakisuguliwa kwa kiganja. Kingo zinazopakana na chuma usizipige msasa, kwa sababu mbao ikishuka chini ya usawa wa chuma haiinuki tena.